Suruali ya Mgodi na Salamu ya Ukweni

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ushonaji sikushona kitu. Niliwekwa kwenye kigoda barazani, Njombe mjini, asubuhi ya ukungu mzito, nikaambiwa nitazame suruali za watu. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, ndevu zimeanza kuchomoza, na njia nzima kutoka kwetu nilikuwa nikijiona fundi tayari. Nchi ilikuwa bado ya Mwingereza, na kazi za kuvaa viatu zilikuwa chache: ualimu, ukarani, uuguzi na cherehani. Mimi hesabu zilinikataa, damu naiogopa, basi ikabaki cherehani.

Bosi wangu wa kwanza tulimwita Fundi Mkuu. Hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi sikioni, na mashine zake zilikaa kwenye baraza la duka karibu na soko. Aliniambia nitazame kila anayepita, uso nisiuangalie, niangalie suruali tu, kisha nimwambie mtu yule anafanya kazi gani. Niliona ananidharau. Nimekuja kushona, sikuja kupiga ramli.

Akapita mmoja, magoti ya suruali yake yamechakaa mpaka ngozi inachungulia. Nikasema yule ni mcha Mungu sana, anapiga magoti usiku na mchana. Fundi Mkuu akacheka hadi akavua miwani akaifuta. Mtu yule alikuwa akisugua sakafu za Boma. Mwingine suruali yake ilikuwa imeng'aa makalioni, nikasema mvivu, kumbe dereva wa lori. Mpaka jua linachungulia nilikuwa nimekosea karibu wote, na hasira zilikuwa zimenipanda. Ndipo Fundi Mkuu akanivuta karibu akanipa somo ambalo nimelitumia maisha yangu yote.

"Wewe unadhani suruali inavaliwa na mtu aliyesimama," aliniambia. "Ukitaka kumvisha aliyesimama, kavishe nguzo ya simu. Mtu anakaa, anapanda, anainama, anasalimia. Suruali uishonee hayo."

Niwaeleze sasa mambo machache ya kazi, maana ninyi mnanunua nguo zimeshashonwa na hamjui zilikotoka. Futi ni ule utepe wa kupimia anaouvaa fundi shingoni. Bandi ni mshono wa mkono, mrefu mrefu, unaoshikiza vipande ili mteja ajaribu kabla cherehani haijapita. Bandi inafumuka kwa kuvuta uzi mmoja tu, kwa hiyo ukikosea kwenye bandi hujakosea bado. Msamba ni pale miguu miwili ya suruali inapokutana. Hapo ndipo fundi hujulikana. Mfuko wowote atashona mwanafunzi, lakini msamba una siri zake, na ukiukosea mteja atakukumbuka kila akikaa.

Kulikuwa na maneno mawili ambayo Fundi Mkuu hakuchoka kuyasema: kupwaya na kupumua. Suruali inayopwaya imemkimbia mwenyewe, inaning'inia, watu wakiiona wanajua ameazima. Suruali inayopumua inamkaa vizuri wala haibani, na akijikunja nayo inamfuata. Wateja wengi waliokuja wakitaka nafasi walipewa kupwaya, na waliotaka kupendeza walibanwa. Fundi Mkuu alisema mafundi wa namna hiyo ni wavivu wa kupima.

Yeye alipima hivi. Kwanza mteja anasimama, anapimwa kiuno, mapaja na urefu, kama kwa fundi yeyote. Halafu Fundi Mkuu anajiweka sawa kwenye kiti chake na kusema, "Haya, nisalimie kama baba mkwe wako." Kwetu, mwanamume akienda ukweni hasalimii akiwa wima. Anachuchumaa kabisa, visigino chini, anapiga makofi taratibu, anasema "Kamwene," na anabaki pale pale mpaka mzee amalize kuuliza habari zote za nyumbani. Basi mteja anachuchumaa mbele ya Fundi Mkuu, huku wenzake wakimcheka, na hapo chini ndipo futi inapitishwa mara ya pili, kuanzia kiunoni nyuma mpaka gotini. Tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini ndiyo pumzi ya suruali. Watu walikuwa wakija sokoni kununua chumvi wanapoteza muda pale kuangalia wenzao wanavyosalimia.

Nilipoiva, nilikwenda kwenye shamba moja la miti ya miwati, nje kidogo ya mji. Kule magome yalimenywa kwa ajili ya dawa ya kulainishia ngozi za viatu, na sisi mafundi tulishona nguo za wamenyaji. Mkuu wetu alikuwa Bwana Stoo, mtu aliyepita jeshini, masharubu yamekaa sawasawa. Kwake suruali zilikuwa za aina moja tu, pana kama gunia, na mwembamba alipewa kamba ya gome ajifunge. Nilimwomba ruhusa ya kuwapima wamenyaji. Alinitazama kwa huruma akasema mwili huzoea nguo, si nguo izoee mwili. Basi watu walikwenda msituni wakipwaya, miguu ya suruali ikinasa kwenye visiki, na kila Jumatatu nilikuwa na rundo la kushona viraka. Simlaumu sana Bwana Stoo. Kwake yeye ilitosha mtu asiwe uchi.

Kitengo cha ushonaji kilipofungwa nikahamia Makambako, na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe ninalotaka kuwasimulia.

Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda na upepo. Malori ya Iringa, ya Mbeya na ya Songea yalipumzika pale, na mavumbi yake yakapumzika kwenye vitambaa vyetu. Nilipata nafasi kwenye baraza la Mwenye Duka, mzee wa Kihindi mpole wa moyo lakini mwenye amri nyingi. Madereva walikuwa wameleta mtindo wa suruali za kubana, naye akaupenda, akataka mteja apimwe amesimama kama askari kwenye gwaride, basi. Siku ya kwanza aliponiona nimemchuchumalisha mteja alitoka ndani na kunionya.

"Fundi, baraza langu si zahanati," alisema. "Mtu akija hapa asichutame kama anayetafuta dawa ya tumbo."

Nikatii, kazi naitaka. Nikawa napima wima kama alivyotaka, na wateja wanaondoka wamependeza, wanatembea kwa uangalifu. Moyoni nilikuwa najisikia vibaya, maana nilikuwa najua wakifika nyumbani wakakaa kwenye kigoda itakuwaje.

Ndipo akaja Tweve. Alikuwa Mkinga wa upande wa Iwawa, kijana mrefu, kifua kipana, ametoka migodini Afrika Kusini. Alikuwa amevaa koti na suruali za kitambaa kizito cha buluu, mshono wa uzi wa njano uliopita mara mbili, na kwenye pembe za mifuko kuna vipini vidogo vya shaba. Neno jinzi hatukulijua. Tuliita suruali ya mgodi, na aliyekuwa nayo alipita sokoni polepole ili asipitwe na jicho la mtu. Sisi Wabena na Wakinga tunataniana, basi nikamwuliza kama kwao viazi vimekwisha mpaka ameshuka kwetu kutafuta joto. Hakucheka. Alikaa kwenye gogo, akakaa upande, mguu mmoja umenyooka, kama mtu aliyevunjika nyonga.

Akanieleza habari yake kwa sauti ndogo. Alikuwa amempenda binti mmoja wa Ilembula, Eliza, aliyekuwa akifua na kunyoosha mashuka ya hospitali pale. Eliza naye alimpenda. Baba yake Eliza alikuwa Mzee Mligo, mkulima na mzee wa kanisa. Tweve akatafuta mshenga, wakaenda kupeleka posa, yeye amevaa suruali yake ya mgodi na koti lake ili mzee aone kwamba hakuzurura huko kusini. Walipofika mlangoni mshenga akachuchumaa. Tweve akajaribu. Suruali ilimshika mapajani na msambani, ikakataa. Akishuka zaidi itapasuka mbele ya wakwe, na ndani hana kitu kingine. Akabaki ameinamisha kichwa tu, amesimama, akapiga makofi akiwa wima.

Mzee Mligo hakuitikia. Alimwambia mshenga kwamba binti yake hawezi kwenda kwa mtu aliyesahau kushuka chini, kwani leo amemsimamia baba, kesho atamsimamia binti na rungu mkononi. Mshenga alibembeleza sana. Mwishowe mzee akasema kijana arudi mara moja tu, na akisalimia vile tena asionekane Ilembula.

"Sasa vaa kaptula ya kaki uende," nilimwambia. Niliona jambo jepesi.

Akatikisa kichwa. Mzee alikuwa ameshaona nguo za mgodi. Akirudi na kaki atasema zile za kwanza zilikuwa za kuazima, na kama nguo zilikuwa za kuazima basi na habari za migodini ni za kuazima, na mapenzi pia. Tweve alitaka aende na suruali ile ile, ila imruhusu kuchuchumaa. Akaongeza neno ambalo lilinigusa: "Fundi, mimi kusalimia najua. Mama yangu alinifundisha."

Nikampa kaptula ajisitiri, nikaipindua suruali ndani nje. Balaa. Kiwandani huko walikuwa wameacha pindo dogo sana, hakuna cha kuachia. Ilihitaji kitambaa cha kuongeza, kizito vile vile, cha buluu vile vile, na dukani kwetu hakikuwepo, wala Njombe, wala kwenye lori lolote. Kitambaa kile kilikuwepo mahali pamoja tu Makambako nzima, nacho kilikuwa mgongoni mwa Tweve.

Nilimwambia. Akashika ukosi wa koti lake kwa mikono miwili kana kwamba nimeshalichukua. Koti lile ndilo alilokuwa akijifunika usiku kwenye mabweni ya wachimbaji. Alitoka akaenda kusimama barabarani, upepo unampiga, akayatazama malori muda mrefu. Nikadhani ameondoka. Kisha akarudi, akalivua, akaliweka juu ya mashine yangu. Nikampa sweta langu, likamfika juu ya kitovu.

Nilikata mgongo wote wa koti. Nilifumua msamba, nikaweka kipande cha pembe nne kilicholala kiupande, ambacho mtu akisimama hakionekani na akichuchumaa kinafunguka. Nyuma kiunoni nikaongeza kabari ili suruali ipande juu na isimwache mgongo wazi akiinama. Pembeni nikashusha ukanda mrefu kutoka nyonga mpaka chini. Nikapiga bandi, nikamwita ajaribu. Akachuchumaa bila tabu, akainuka, akajitazama kwenye kioo cha dukani, uso ukamshuka.

"Inapwaya, fundi," alisema. "Watasema nimeazima."

Na kweli ilipwaya. Kwa kumwonea huruma nilikuwa nimemshonea suruali ya Bwana Stoo. Nafasi niliyoipeleka mapajani ilikuwa imemwagika mpaka miguuni, na kijana mzuri yule anaonekana amesimama ndani ya magunia mawili. Uzuri wa bandi ni huo, nikavuta nyuzi. Nikakumbuka kwamba pumzi inawekwa pale mwili unapojikunja tu. Gotini kushuka chini mtu hajikunji. Basi ukanda wa pembeni nikaufanya mpana nyongani na mapajani, halafu unapungua taratibu hadi unakwisha kabla ya kifundo cha mguu. Kabla ya kushona nikailoweka suruali kwa maji ya moto na sabuni, nikaianika kwenye upepo wetu, ikalainika.

Lakini kujua kama imekaa sawa kulihitaji kipimo kile kilichokatazwa. Nikamtazama Tweve, nikatazama mlango wa duka, nikasema potelea mbali. Nikakaa kwenye kiti, nikajiweka sawa kama Fundi Mkuu. "Nisalimie kama baba mkwe wako."

Tweve akashuka. Visigino chini, magoti pembeni, mgongo umenyooka, akaanza kupiga makofi taratibu. Wakati huo huo Mwenye Duka akatoka kuja kunikaripia, akasimama katikati yetu. Tweve, ambaye macho yake yalikuwa chini kwa adabu, akaona viatu tu.

"Kamwene, baba," alisema.

Mwenye Duka akasahau karipio lake. Miaka yote aliyokaa nchini kwetu watu walimsalimia juu juu, wakiwa na haraka ya kununua mafuta ya taa. Hakuna aliyewahi kumshukia hivyo. Alimwangalia kijana pale chini, akaangalia suruali ilivyotulia bila hata kujikunja kiunoni, akasema, "Kamwene," kwa lafudhi yake. Kisha akaniambia nimalize kazi ya mtu, akarudi ndani. Nikapitisha futi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, nami nikapiga cherehani.

Aliposimama nayo, wallahi, alipendeza. Suruali ilikuwa imeshuka wima kama imechorwa, mapaja yana uhuru, kiuno kimeshikwa. Akatembea barazani kwenda na kurudi, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Akapanda lori la Mbeya, limshushe njiani aende Ilembula na mshenga wake. Lilipoondoka roho yangu ilikuwa juu. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya msamba, na sidhani kama kuna fundi amewahi kuomba hivyo kwa bidii.

Siku zikapita, kimya. Mshenga hakupita, Tweve hakurudi. Nilianza kuamini kwamba mambo yameharibika na kijana amerudi zake migodini. Nilikuwa nikiona mabaki ya lile koti kwenye msumari, mikono miwili na kifua, najisikia kama nimemvua mtu bure.

Asubuhi moja akaja mzee mwenye fimbo, koti refu kuukuu, kaptula ya kaki imefika magotini. Sikumfahamu. Alisimama akakagua kazi zilizotundikwa, akazigusa moja moja msambani kwa vidole, kisha akasema anataka suruali ndefu. Nikamwuliza ya namna gani.

"Kama ya mkwe wangu," alisema.

Nikauliza mkwe wake ni nani.

"Mkinga mmoja mrefu, wa migodini. Alikuja akanisalimia, nikamwacha pale pale chini. Nikamwuliza habari za kwao, za mvua, za mazao, za wagonjwa, nikarudia tena za mvua. Hakutikisika. Sasa amekwenda Iwawa kuwaleta wazazi wake." Mzee Mligo akaegemea fimbo yake. "Mwanzoni nilimwona ana kiburi. Kumbe alikuwa amefungwa tu."

Nilifurahi mpaka chaki ikanidondoka. Nikampima akiwa wima, halafu nikamwambia, kwa heshima, kwamba sasa tunahitaji asalimie. Mzee akaniangalia. Akasema wale wa kuwachuchumalia wote wameshakufa. Fundi Mkuu hakunifundisha hilo. Mzee akafikiri, akavua kofia, akageukia upande wa kwao alikozikwa baba yake, akachuchumaa taratibu na kupiga makofi. Nilipitisha futi mgongoni mwake kwa mkono mwepesi. Na kule mlangoni Mwenye Duka alikuwa amesimama ameshika kofia yake pia. Tangu siku ile mteja akija ni yeye mwenyewe aliyekuwa akimwambia, chuchumaa kwanza.

Lile koti nililitia mgongo mpya wa kaki, nikampelekea Tweve siku ya arusi yake. Nimeshona miaka mingi baada ya hapo. Uhuru ulikuja nikashona, bugaluu za miguu mipana zikaja nikashona nikiguna, mpaka macho yakakataa kuona tundu la sindano na nikamwachia mwanangu mashine. Sasa naketi nyumbani Makambako, na sina la kulalamika, ila magoti.

Wajukuu wanakuja likizo wamevaa jinzi zao, nyingine zimebana mpaka nawaonea huruma. Nawasifu hata hivyo, kwa sababu bado wanachuchumaa kunisalimia. Lakini mimi nina desturi yangu. Mtoto akishuka, siitikii kwanza, nasikiliza. Mshono ukinyamaza, naitikia kamwene na kuuliza habari za mvua. Ukilia, namwambia kaivue uniletee, kisha uje usalimie vizuri, kwa maana kusalimia najua unajua.